Uwanda wa Lasithi: Mlima Unaojilisha

Mhadhara wa hadhara. Unachapwa hapa karibu kama ulivyosemwa. Zimepunguzwa salamu na maneno yaliyorudiwa.



Nilipoalikwa kuzungumza juu ya mambo ya kale ya Ugiriki, nadhani wenyeji wangu walitazamia nguzo za marumaru. Mniwie radhi. Leo nawapeleka mahali pasipo na nguzo, wilaya ya wakulima wa viazi na matufaha, juu mlimani, kisiwani Krete. Jina lake Lasithi. Nimeichagua kwa ajili ya swali moja ambalo waandishi wa historia ya majumba ya kifalme hulipita mbio: mtu anapopanda mlimani kuishi, amekimbia nini, au amefuata nini?

Krete ni kisiwa chembamba na kirefu, kama kilomita 260 kutoka ncha hadi ncha, na uti wake wa mgongo ni milima. Upande wa mashariki iko milima ya Dikti, ambayo kilele chake kikubwa, Spathi, kina mita 2,148. Ukipanda kutoka pwani ya kaskazini, barabara inajinyonganyonga mpaka kwenye mlango wa mlima, kisha ghafla unaona chini yako ardhi imelala bapa kama sinia. Urefu wa sinia hilo ni kilomita 11 hivi, upana wake 6 palipo papana, nalo liko mita 840 juu ya bahari. Vijiji viko kama ishirini: Tzermiado, Psychro, Agios Georgios, Plati, Magoulas na vinginevyo. Vyote vimejipanga ukingoni, vimeegemea mlima, na katikati hapana hata kimoja. Ukitazama kutoka juu utadhani ni watu waliozunguka sinia la pilau, na hakuna anayethubutu kuketi juu yake.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni thamani ya udongo. Mkulima hajengi nyumba ndani ya sahani yake. Ya pili ni maji. Milima yote inayozunguka ni ya mawe ya chokaa, na theluji inapoyeyuka maji yote huteremkia uwandani. Mto wa kuyatoa nje haupo. Kuna tundu. Liko ukingoni upande wa magharibi, karibu na kijiji cha Kato Metochi, na wenyeji huliita Honos, yaani faneli. Maji huingia humo, yakapita chini ya mlima gizani, na kutokea kwenye chemchemi za bonde la chini. Likiziba kwa tope na magugu, au mvua ikizidi uwezo wake, sehemu ya uwanda hugeuka ziwa. Naomba mliweke moyoni tundu hili, tutarudi kwake.

Jambo jingine la kukumbuka ni baridi. Mzeituni haustawi kule juu, na Krete bila mzeituni ni kama Pemba bila mkarafuu. Mafuta ya kula yalitoka kwenye mti huo, na ya taa pia. Kwa hiyo watu wa Lasithi hawakuwahi kutengana na watu wa chini. Familia nyingi zilikuwa na mizeituni yao kwenye miteremko ya Pediada na Mirabello, wakashuka kuichuma theluji ilipoanza, wakarudi kwa ajili ya mashamba. Kondoo nao walishuka na kupanda kwa majira. Anayesoma kwenye vitabu vya zamani kwamba wilaya hii ilikuwa imejitenga na dunia, amwulize mwandishi huyo mafuta ya taa za wilaya hiyo yalitoka wapi.

Kabla hatujaingia kwa wanadamu, niruhusuni nichepuke kidogo. Mashariki ya Lasithi, juu zaidi, uko uwanda mdogo uitwao Katharo. Humo imechimbwa mifupa ya viboko. Ndiyo, viboko, tena wa aina ndogo waliopungua kimo kwa kukaa kisiwani vizazi na vizazi, na walitoweka kabla mkulima wa kwanza hajafika. Wamo vitabuni kwa jina la kisayansi tangu 1966. Sina hoja ya kujenga juu yao. Nimewataja kwa sababu sijawahi kumsimulia mtu habari za kiboko wa mlimani bila kumwona akitabasamu.

Wakulima wa kwanza walikuja mwishoni mwa Zama za Mawe Mapya. Alama zao ziko kwenye pango la Trapeza, juu kidogo ya Tzermiado, ambako John Pendlebury na mkewe Hilda walichimba mwaka 1936. Watu walikaa humo, na baadaye wakazi wa uwanda wakaligeuza kuwa kaburi la pamoja. Lakini pango lililoipatia Lasithi sifa ni jingine. Liko juu ya kijiji cha Psychro, na leo mabasi ya watalii hupanda kwa ajili yake tu, yakaupita uwanda wote bila kuutupia jicho.

Wachungaji na wanakijiji ndio waliolivumbua, katika miaka ya 1880. Vitu vya shaba vilianza kuuzwa huku na huku, habari zikawafikia wasomi, nao wakaja mmoja mmoja. Mwaka 1896 Arthur Evans, ambaye baadaye angechimba Knossos, alipata humo kipande cha meza ya sadaka ya jiwe jeusi chenye herufi za Linear A, mwandiko ambao mpaka leo hakuna aliyeusoma. Kisha mwaka 1900 akaja Mwingereza D. G. Hogarth, naye hakuja na kijiko na brashi. Alikuja na baruti. Ukumbi wa juu wa pango ulikuwa umejaa majabali yaliyoporomoka kutoka darini, akayapasua, akayatoa, akachimba chini yake. Alikuta madhabahu, majivu, vyombo na meza za sadaka. Leo mwanafunzi wangu akifanya hivyo namfukuza.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Ukumbi wa chini una kidimbwi cha maji baridi, na kukizunguka zimesimama nguzo za mawe zilizojengwa na matone ya chokaa kwa maelfu ya miaka. Hogarth hakutegemea kitu huko. Wachimbaji walipelekwa wamalizie tu. Mmoja wao, akitaka mikono yake miwili iwe huru, aliuchomeka mshumaa wake kwenye ufa wa nguzo mojawapo. Mwanga ulipotulia akaona makali ya kisu cha shaba, kimesimama wima ndani ya ufa huo huo. Mtu fulani alikuwa amekichomeka pale zaidi ya miaka elfu tatu nyuma, kwa kitendo kilekile cha mkono.

Basi kila mmoja akaanza kupapasa nyufa. Hogarth alikuwa ameajiri pia wanawake na wasichana wa kijiji, na walisimama kwenye tope wakiwa na mishumaa, wakitoa visu, nyembe, pini, sanamu ndogo za watu na ng'ombe, na mashoka madogo ya makali mawili ambayo hayawezi kukata hata kuni, kwa kuwa yalitengenezwa yatolewe sadaka. Vitu hivyo sasa vimegawanyika: vingi viko makumbusho ya Heraklion, vingine viko Oxford. Lililopotea ni mpangilio. Nani alichomeka nini karibu na nini, hilo lilikwisha jioni zile za mishumaa.

Wengi wenu mmesikia kwamba hapo ndipo alipozaliwa Zeus. Mshairi Hesiod anasema mama yake alipelekwa Lyktos kujifungua, na mji wa Lyktos, au Lyttos, uko chini tu ya uwanda upande wa magharibi. Kwa hiyo pango la Psychro likabatizwa pango la Dikti, na jina likaandikwa kwenye vibao. Tatizo ni kwamba hekalu la Zeus wa Dikti limethibitika kuwa lilikuwa Palaikastro, ncha ya mashariki kabisa ya kisiwa, ambako mwaka 1904 yaliokotwa maandishi ya wimbo wa kumwita mungu huyo aje Dikti. Wazee wa kale wenyewe hawakukubaliana. Mimi sioni haja ya kuamua. Waliopanda na visu vyao vya shaba walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na walijua wanamwendea nani. Jina waliondoka nalo.

Sasa twende Karfi.

Neno hilo maana yake ni msumari, na ukikitazama kilele chenyewe kutoka chini hutauliza kwa nini. Kiko kaskazini ya uwanda, mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari. Upande wa kaskazini genge linaporomoka, nawe unaiona pwani yote kama ramani. Chombo hakipiti bila kuonekana. Upande wa kusini kuna uwanda mdogo wa Nisimos, na nyuma yake Lasithi. Pendlebury alichimba hapo kuanzia 1937 hadi 1939, akitumia wanaume wa Tzermiado waliopanda na kushuka kila siku.

Pendlebury ni mtu wa kusimuliwa. Alizaliwa 1904, jicho moja alilipoteza utotoni akavaa la kioo, na miguu yake ilikuwa gari lake. Aliitembea Krete yote mlima kwa mlima. Alikuwa msimamizi wa Knossos, akachimba pia Misri, na mwaka 1939 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya akiolojia ya kisiwa hicho. Ni miongoni mwa watu wa kwanza walioona kwamba Krete haiwezi kueleweka kwa kukaa Knossos.

Alichokikuta Karfi kilikuwa mji. Vyumba kama 150 vilifunuliwa, navyo ni sehemu tu ya makazi: nyumba za mawe zilizobanana, vichochoro vilivyosakafiwa, hekalu dogo kwenye ukingo wa genge. Wakati wake ni kati ya 1200 na 1000 KK hivi, yaani mara baada ya majumba makubwa ya nchi zile kuanguka na bahari ya mashariki kuchafuka kwa vita na uhamaji. Watu wa pwani, walisema wachimbaji, walikimbilia juu. Ndipo neno "kimbilio" likagandamana na Karfi, na mpaka leo ukifungua kitabu chochote utalikuta.

Nataka mwone kitu kimoja kutoka kwenye hekalu lile, ili msije mkadhani tunazungumza juu ya watu waliokuwa wakitetemeka tu. Ni sanamu za mungu wa kike, za udongo, kubwa yake karibu inafika mita moja. Mfinyanzi alisokota sketi kwenye gurudumu kama anavyosokota mtungi, akaugeuza mtungi huo kichwa chini. Juu yake akaweka kiwiliwili, shingo ndefu, uso wenye pua kali, na mikono miwili iliyoinuliwa, viganja wazi. Juu ya kichwa, taji lenye ndege au pembe. Kisha akakumbuka miguu. Sketi ya mtungi haina miguu, kwa hiyo akakata kijidirisha mbele kwenye pindo, akafinyanga nyayo mbili peke yake, na nyayo hizo zikachungulia kwenye tundu kana kwamba mwenyewe yuko karibu kutoka nyumbani. Mtu aliyefanya kazi hiyo alikuwa na wakati, na kuni za tanuri, na wateja.

Mtu anayekimbia hukimbia wiki moja, mwezi, mwaka. Karfi ilikaliwa takriban miaka mia mbili. Hiyo ni vizazi vinane vya watu waliozaliwa, wakaoa na kuzikwa kwenye makaburi ya kuba yaliyo chini ya kilele, karibu na chemchemi iitwayo ya tai. Ukuta wa ngome wa kuzunguka mji haukupatikana. Na walipoondoka, kwa maelezo ya Pendlebury mwenyewe, waliondoka kwa amani: hapakuwa na moto wala maiti vyumbani, na vya thamani walivichukua. Walipapenda vya kutosha kukaa, na walipopata pazuri zaidi wakahama, kama yeyote wetu.

Sikatai kwamba hofu ilikuwapo. Genge lile halichaguliwi na mtu mwenye usingizi mzuri. Mwanaakiolojia kutoka Poland, Krzysztof Nowicki, amezungukia vilele vya namna hii kote Krete, na anaonyesha kwa ushahidi kwamba usalama ulitafutwa kwa makusudi. Upande mwingine Saro Wallace, aliyerudi kuchimba Karfi 2008, ametaka tuangalie zaidi ardhi, malisho na njia za kupitia. Mimi, nikilazimishwa kusema, nasema hivi: hofu inaweza kukupandisha mlimani, lakini haiwezi kukulisha huko. Kilichowaweka ni yale mashamba mawili nyuma yao, Nisimos na Lasithi, yenye maji na udongo usiochoka. Vilele vikali viko vingi Krete. Vyenye ghala la namna hii nyuma yake vinahesabika.

Hoja hii hamtaipata kwa kuchimba mahali pamoja. Inatoka kwa kutembea. Mmarekani L. Vance Watrous alifanya hivyo Lasithi, akiokota vigae juu ya ardhi shamba kwa shamba, na mwaka 1982 akachapisha historia ya makazi ya uwanda mzima tangu wakulima wa kwanza. Kigae kina ubishi wake, kinahamishwa na jembe na mafuriko. Hata hivyo ukikusanya vya kutosha unaona uwanda ukijaa na kupungua, ukijaa tena, kwa nyakati zisizofuata sana nyakati za wafalme wa chini. Huo mji wa Lyttos nao ulikuja kupata msiba uliosimuliwa na Polybius: mwaka 220 KK hivi, wanaume wakiwa safarini vitani, watu wa Knossos waliuvamia, wakauteketeza, wakachukua wanawake na watoto. Wanaume waliporudi waliutazama, wakalia, wakageuza njia bila kuingia. Baadaye mji ulijengwa upya, na enzi ya Warumi ulinawiri sana.

Naruka karne nyingi hapa, kwa kuwa muda ni mali ya mwenyekiti, nifike Venice.

Jamhuri ya Venice iliinunua Krete kama mtu anavyonunua kiwanja. Ilikuwa mwaka 1204, Wakristo wa magharibi walipoiteka Konstantinopoli na kugawana mali. Walowezi wakaletwa, ardhi ikakatwa, na wenye nchi wakaasi. Wakaasi tena. Karne yote ya 13 ilikuwa uasi juu ya uasi, na katika miaka ya 1270, wakati wa ndugu wa ukoo wa Chortatzis, Lasithi ilikuwa moja ya maboma yao. Fikirieni gavana aliyeko Candia, ambayo ndiyo Heraklion ya leo. Waasi wa kawaida unawamaliza kwa njaa. Unashika bandari, unazuia nafaka, unangoja. Waliopanda Lasithi huwangoji. Wanapanda ngano, wanavuna, wana jibini na nyama, na njia za kuingilia ni chache kiasi kwamba wanaume wachache wenye mawe wanazilinda. Watawala wa Venice walipaita mwiba moyoni mwao.

Basi wakaamua kuung'oa. Wakazi walifukuzwa, vijiji vikabomolewa, miti ya matunda ikakatwa, na ikatoka amri kwamba hakuna ruhusa ya kulima wala kuchunga Lasithi, na anayekaidi atapata adhabu kali. Marufuku hiyo ilirudiwa karne iliyofuata, baada ya uasi wa Mtakatifu Tito ulioanza 1363, ambao safari hii hata walowezi wa Venice wenyewe waliingia. Kwa takriban miaka mia mbili, shamba bora la kisiwa likaachwa liote nyasi kwa amri ya serikali.

Nimewahi kuulizwa kama hilo ndilo thibitisho la ukatili wa wakoloni wale. Ni kweli walikuwa wakatili. Ila mimi naisoma amri ile kama maandishi ya akiolojia, tena mazuri kuliko vigae vyote: ni tamko rasmi la dola kubwa ya bahari kwamba inajua thamani ya mahali hapa. Hawakupiga marufuku kupanda mlimani. Walipiga marufuku kulima. Walijua kilichowakalisha watu kule, na wakakilenga hicho.

Njaa ndiyo iliyoifuta amri. Venice ilihitaji ngano kwa miji yake na merikebu zake, na kuanzia katikati ya karne ya 15 ruhusa zikaanza kutolewa, mashamba yakipangishwa kwa malipo ya nafaka. Mwaka 1540 ilipopoteza Nafplion na Monemvasia kwa Waosmani, baadhi ya wakimbizi wa huko walipewa ardhi Lasithi. Na kwa kuwa sasa uwanda ulikuwa hesabu ya serikali, wakaletwa mafundi wa mifereji. Hadi leo ukisimama juu utauona ule mchoro wa mistari iliyonyooka, ikikata uwanda wote kwa vipande vya mraba. Wenyeji huiita linies, mistari. Yote inaelekea kwenye lile tundu la magharibi.

Nina neno dogo la upande hapa. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa ramani ya watalii yenye kila kanisa na kila pango la Lasithi, na mifereji ile haikuchorwa. Kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa na binadamu katika wilaya hiyo haikuonekana kustahili wino.

Enzi ya Waosmani iliyofuata nitaipita kwa kasi, ingawa damu yake ilikuwa nyingi. Mwaka 1823 majeshi ya Hasan Pasha, yaliyotumwa kutoka Misri kumsaidia Sultani, yaliufikia uwanda na kuuteketeza. Mwaka 1867, wakati wa uasi mkubwa wa Krete, Omer Pasha alipanda na jeshi, na vijiji vikachomwa tena. Kila mara watu walirudi, wakaezeka, wakalima. Wilaya ambayo ulinzi wake ni shamba, adui akiwa na askari wa kutosha, ulinzi huo huo ndio unaomwonyesha pa kuwasha moto.

Baada ya kisiwa kupata mamlaka yake 1898, ikaja zama ambayo wazee wa Lasithi huisimulia kama ndoto. Chini ya uwanda maji yako karibu. Kisima cha mita chache kinatosha. Tatizo lilikuwa kuyapandisha wakati wa kiangazi, pale ambapo mifereji iliyolaaniwa kwa mafuriko wakati wa baridi inakauka kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa vijijini walitengeneza kinu cha upepo cha kuvuta maji: mnara mwembamba, mwanzoni wa mbao kisha wa chuma, mikono inayozunguka, na kwenye kila mkono tanga la kitambaa cheupe la pembetatu. Mwambao wetu ungeyaelewa matanga yale mara moja. Upepo ukizidi unaviringisha kitambaa kidogo kwenye boriti yake, upepo ukipungua unakifungua. Kinu kinapiga pistoni, maji yanapanda, yanaingia kwenye birika la mawe, yanakwenda kwenye viazi. Katikati ya karne ya 20 inasemwa vilizidi 10,000, kila shamba na chake. Picha za wakati huo zinaonyesha uwanda kama bandari iliyojaa majahazi.

Vinu hivyo vya maji msivichanganye na vile vya mawe vilivyoko kwenye mlango wa mlima, Seli Ambelou, ambavyo ni vya kusaga nafaka. Hivyo vya mawe vimejengwa kutazama upepo mmoja tu, wala havigeuki. Mjenzi aliujua upepo wake.

Kisha zikaja pampu za dizeli na za umeme. Pampu haingoji upepo, na kijana aliyeona ndugu yake akimwagilia usiku hakuwa na sababu ya kushona matanga. Vinu vikasimama kutu ikivila, vichache vikatengenezwa kwa ajili ya picha. Vijana wakashuka kwenye hoteli za pwani. Sensa ya 2011 haikupata hata watu 2,500 katika manispaa nzima.

Pendlebury hakuyaona hayo. Vita vilipokaribia alirudi Krete kwa cheo cha makamu wa konseli mjini Heraklion, kazi yake halisi ikiwa kuwaandaa wakuu wa milimani aliowafahamu kwa miguu yake. Husimuliwa kwamba alipotoka kwenda kwao aliliacha jicho la kioo mezani, na wenzake wakajua yuko mlimani. Askari wa miavuli wa Ujerumani walitua tarehe 20 Mei 1941. Siku iliyofuata alitoka kwa lango la magharibi la mji akajeruhiwa, na tarehe 22 akapigwa risasi. Taarifa ya uchimbaji wa Karfi ilikuwa imeshachapwa, lakini vyungu vyake vilibaki bila maelezo kamili hadi Mercy Seiradaki, aliyekuwa naye kwenye kilele, alipovichapisha mwaka 1960.

Nimalizie pale nilipowaambia tutarudi, kwenye tundu.

Kaskazini ya milima, katika bonde la mto Aposelemis, limejengwa bwawa la kulisha maji mji wa Heraklion na hoteli za pwani. Kijiji cha zamani cha Sfendyli kiko chini ya maji yake. Kiangazi kikikaza, kuta zinachomoza. Ili kuliongezea bwawa maji, likatobolewa handaki ndani ya mlima ili maji ya Lasithi, yale yaliyokuwa yakiingia Honos na kujitafutia njia gizani, yapelekwe moja kwa moja. Wakulima wa juu walipinga, wakisema kwamba visima vyao hujazwa na mafuriko yale yale ambayo mhandisi anayaita maji ya ziada. Mji nao una kiu ya kweli, wala sitawadanganya kwamba hauna.

Kwa hiyo mkifika Kato Metochi mwezi wa Februari, mvua ikiwa nzuri, mtaona mistari ya Venice imejaa hadi ukingo, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakitembea taratibu kuelekea magharibi. Yanakusanyika penye mawe, yanazunguka mara mbili tatu yakibeba mabua na matufaha yaliyooza, kisha yanaingia. Siku hizi milango ya kuingilia ni miwili.